Robota la Kilo Ishirini

Siku ya pili ya majaribio Mwewe alidondosha marobota matatu mbele ya mlango wa ghala. Moja lilikatika kamba, nyasi zikamwagika chini zote. Katika watu kumi na mmoja waliocheka, aliyecheka mpaka akashika mbavu ni Bi Safu. Alikuwa juu ya rundo, safu ya saba, kulabu mkononi, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Mwewe ni jina ambalo wapakiaji waliipa ile mashine mpya siku ileile iliposhushwa kwenye lori. Ilikuwa fremu ya chuma yenye upana wa kitanda cha watu wawili, imefungwa mbele ya trekta, na chini yake makucha kumi na sita yaliyopinda. Huko shambani, nyuma ya mashine ya kufungia nyasi, walikuwa wameunganisha sledi, chombo cha kuburutwa, inayoyakusanya marobota na kuyalaza chini manane manane. Mwewe anashuka juu ya yale manane, makucha yanazama kwenye nyasi, anayanyakua yote kwa mpigo mmoja. Zamani, yaani juzi tu, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake sita wa kuinama shambani, watatu wa kupanga kwenye trela, na wawili wa kupokea juu ya rundo. Sasa ilitaka dereva mmoja na kiti chake.

Mama Shamba, mwenye mali, alikuwa hajainunua bado. Alikuwa amepewa siku tatu aijaribu. Kesho mchana ataamua: ikibeba bila kudondosha, inabaki, na wapakiaji kwaheri ya kuonana, ikidondosha, inarudi ilikotoka. Kila mtu pale alilijua hilo, hata paka wa ghalani alilijua. Ndiyo maana kila robota lililoanguka lilishangiliwa kimyakimya kama bao.

Bi Safu alikuwa na lake zaidi. Jina hilo alilipata kwa kazi. Hakuna aliyejua kulaza safu kama yeye: hii kwa urefu, ya juu yake kwa upana, kamba zikae ubavuni zisioze, kona zishikane kama vidole. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na bado alikuwa anapokea marobota yanayopanda kwenye mkanda kutoka asubuhi hadi jioni, akiyarusha mahali pake kama mito ya kulalia. Na alikuwa na mdomo. "Nyinyi mnaohema hapo chini," angewaambia wenzake, "mlinyonya maziwa ya wapi? Mimi nina wajukuu wanne na sijahema." Wenzake walimtukana kwa mapenzi, wakamcheka, wakajivunia kuwa naye.

Fundi wa kampuni, bwana mmoja mnene aliyevaa ovaroli jipya, alipiga magoti kwenye nyasi zilizomwagika. Hakuonekana kukasirika. Alitoa mizani ya kuning'iniza kwenye sanduku lake, akaitundika kwenye mkono wa trekta, akapima robota la kwanza, la pili, la tano.

"Kilo kumi na tatu," alisema. "Kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu. Mama, mashine yangu haina ubaya. Marobota yako ndiyo malegevu. Makucha yanashika hewa. Robota la saizi hii linatakiwa lifike ishirini."

Mama Shamba alimtazama msimamizi. Msimamizi alimtazama Fundi Kamba, mtu anayeendesha mashine ya kufungia nyasi, ambaye alikuwa amesimama kando akifuta mikono kwa tambara. Huyu Fundi Kamba ndiye mume wa Bi Safu.

"Ni nyasi za mwaka huu," alisema Fundi Kamba. "Zimekauka sana. Hazina uzito."

"Nyasi kavu zinapungua kilo saba?" aliuliza msimamizi.

Fundi Kamba aliendelea kufuta mikono, ingawa ilikuwa imeshatakata. Mama Shamba alisema yatazungumzwa kesho, na kwamba kesho springi za mashine ya kufungia, zile zinazobana nyasi, zitakazwa mbele ya macho yake mwenyewe. Kule juu, Bi Safu hakusikia la springi. Alikuwa bado kwenye lile neno la kwanza. Malegevu? Marobota anayoyanyanyua yeye kutwa nzima, ndiyo ya kuitwa malegevu na mtu mwenye tumbo lile?

*

Walikaa kwenye chumba cha tatu katika safu ya vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya karakana. Kilikuja na kazi ya Fundi Kamba, na kingeondoka nayo. Kitanda, kabati lisilofunga vizuri, meza iliyowekewa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, na pazia ambalo Bi Safu alilishona mwenyewe kutengea jiko.

Jua lilikuwa halijazama wifi yake alipoingia bila kubisha. Huyu alikuwa dada mdogo wa Fundi Kamba, naye mpakiaji, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na mlango.

"Kaka yuko wapi nimbusu mikono?" alisema, akajitupa kitandani. "Wifi, una mume. Umekaa na simba ndani ya nyumba hukuniambia."

"Simba gani?"

"Usijitie hujui. Kazilegeza springi! Watu wote wanasema. Kailegezea mashine makusudi ili Mwewe awe anashika upepo. Kaka yangu mimi, na upole wote ule, kumbe kichwa kinafanya kazi."

Bi Safu alitabasamu kabla hajafikiri. Ilimpendeza. Miaka thelathini amekaa na mtu anayeomba radhi hata kwa mbuzi, leo anaambiwa ni simba. Alimmiminia wifi yake chai, wakacheka, wakamwiga yule fundi mnene anavyopiga magoti. Fundi Kamba alipoingia alikuta sherehe. Dada yake akamkumbatia, akamwambia wapakiaji wote wanamwombea, akaenda zake kuwaambia wengine kwamba amemwona kwa macho yake.

Fundi Kamba alikaa kwenye kiti, akavua viatu taratibu.

"Kweli umezilegeza?" Bi Safu aliuliza, bado ana tabasamu.

"Zimelegea, ndiyo."

"Umezilegeza jana au juzi?"

Alikuwa anakitazama kiatu chake kama kitu cha dukani. Bi Safu akaendelea kupakua chakula, mara mkono ukasita juu ya sufuria. Marobota ya leo hayakuwa mepesi kuliko ya wiki iliyopita, kabla Mwewe hajaja. Mikono yake ilikuwa inayajua. Wala hayakuwa mepesi kuliko ya mwaka jana. Yalikuwa yaleyale.

"Baba watoto. Tangu lini?"

"Chakula kitapoa."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu ulipoanguka," alisema Fundi Kamba.

Ilikuwa misimu miwili iliyopita. Bi Safu aliteleza kutoka safu ya tano akatua kwa mgongo, na mle ndani ya kiuno kitu kikamkata kama uzi. Hawakumwambia mtu. Mpakiaji mwenye mgongo mbovu ni nani atamwita tena? Walisema ana homa. Wiki tatu mume wake alimchua kwa mafuta, akamvalisha viatu kila asubuhi kama mtoto. Aliporudi kazini alipokea kwa hofu robota la kwanza, la pili, la kumi, na mgongo ukakubali. Siku ile alilia kwa furaha. Tangu hapo ndipo majigambo yalipozidi.

"Nilipunguza mizunguko minne kila upande," Fundi Kamba alisema. "Nilisema nitakaza tena ukipona vizuri. Kila msimu nikaogopa. Nilikuwa nakuona unavyokwenda kazini unaimba."

"Na mimi nikadhani nimepona."

"Ulikuwa na raha."

"Raha gani?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha mume wake zaidi. "Nimesimama juu ya lile rundo miaka miwili natukana watu. Nawaambia hamna nguvu, nitazameni mimi. Kumbe nanyanyua marobota ya kuchezea. Umenivika kilemba cha ukoka, mume wangu, na mimi nimetembea nacho mbele za watu kichwa juu."

"Sikukusudia kukudhalilisha."

"Na kesho wakikaza? Nitaweza kilo ishirini mimi?"

Angeweza kusema sijui. Lakini Fundi Kamba hakuwa mtu wa kusema uongo mara mbili kwa siku. "Hutaweza," alisema.

Basi hapo ndipo ilipomuuma hasa. Bi Safu alikaa kitandani, akakunja mikono aliyokuwa akiitegemea, akaitazama. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Alifikiria wenzake wakijua. Alifikiria wifi yake, ambaye angeisambaza habari kwa huruma kabisa, na huruma ndiyo ambayo hakuitaka.

"Nisikilize vizuri," alisema mwishowe. "Wakikuuliza kesho, sema lolote unalotaka. Sema nyasi, sema springi zimechoka. Lakini ukitaja mgongo wangu mbele za watu, sitakusamehe. Niapie."

"Mama watoto, wanaweza wakanifukuza."

"Niapie."

Akaapa. Wakala chakula kimepoa, kila mtu anatazama sahani yake.

*

Asubuhi msimamizi alizikaza springi mwenyewe, Mama Shamba amesimama pembeni na mwavuli. Mizunguko minne huku, minne kule, akatia alama ya rangi nyekundu isichezewe. Mashine ikaanza kutema marobota magumu, yenye kona kali, kamba zimezama ndani ya nyasi. Mwewe akashuka, akanyakua manane, akatembea nayo mita mia mbili za mashimo na matuta mpaka mlangoni mwa ghala. Hakuna lililotikisika. Akarudi akaleta mengine manane, na mengine. Mara ya sita wapakiaji waliacha kuhesabu. Fundi mnene hakucheka wala kuringa. Alifunga sanduku lake la vifaa, akaomba maji ya kunywa.

"Mashine inabaki," alisema Mama Shamba. "Wapakiaji mtamalizia wiki hii, Jumamosi mje ofisini. Nawashukuru kwa miaka yote." Hakuwa mtu katili, ila alikuwa mtu aliyechoka kufanywa mjinga. "Sasa limebaki la pili. Fundi Kamba, njoo hapa. Umenihujumu."

Fundi Kamba akasogea, kofia mkononi.

"Siku mbili umenifanya nione mashine nzuri kama mbovu. Ningeirudisha leo. Kwa nini?"

"Springi zilikuwa zimelegea, mama."

"Zenyewe?"

Wapakiaji walikuwa wamesimama kwa kundi, na wifi alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Jana walimwita simba. Leo hakuna aliyejua aangalie wapi. Hakukuwa na hata robota moja la mwaka jana la kupima ijulikane ulegevu ulianza lini, nyasi za ghalani ziliuzwa zote na ghala likafagiwa kabla ya msimu. Mama Shamba mwenyewe alikuwa ameuza marobota ya kilo kumi na tatu misimu miwili kwa bei ya ishirini bila kujua, lakini hilo nani angethubutu kumkumbusha.

"Nitauliza mara ya mwisho," alisema. "Ulizilegeza kwa nini?"

Fundi Kamba aligeuza kofia, akaigeuza tena. Hakumtazama mke wake hata kidogo. Bi Safu alimwona anavyojizuia asimtazame, shingo imekakamaa, na akajua kwamba mtu huyu atatimiza kiapo chake hata akitolewa mlangoni na kitanda mgongoni.

"Basi na wewe ni Jumamosi," alisema Mama Shamba. "Chumba nakihitaji Jumapili."

"Alilegeza kwa ajili yangu," Bi Safu alisema.

Hakuwa amepanga kusema. Sauti ilitoka kavu, akalazimika kuirudia. Akaeleza: alianguka, haikuwa homa, yeye na mumewe waliwadanganya. Mgongo uliharibika, mume wake akayafanya marobota kuwa mepesi ili aweze kuyanyanyua, tangu msimu wa juzi, kabla hata hawajasikia habari ya Mwewe. Alisema akiwa amemkazia macho Mama Shamba, kwa sababu hakuweza kuwatazama wenzake.

Msimamizi ndiye aliyecheka. "Bi Safu? Wewe? Uliyetuambia hujawahi kuhema?"

Wenzake nao wakanong'ona, na katika minong'ono ile alisikia jambo ambalo hakulitegemea: hawakumwamini. Walidhani anamwokoa mume wake kwa hadithi. Mmoja alimkonyeza kumpa moyo, kama kusema endelea hivyohivyo, unaigiza vizuri. Miaka miwili ya majigambo ilikuwa imefanya kazi yake.

"Mambo ni rahisi," alisema msimamizi. Akaburuta robota moja jipya, lenye kona kali, akalitupa miguuni pake. "Hilo ni kilo ishirini. Mkanda huo hapo, kimo cha kifua. Kama mgongo ni mbovu kweli, halitapanda. Kama linapanda, basi mumeo ni mhujumu na wewe ni mwongo."

Mama Shamba hakukataa. Alifunga mwavuli, akangoja.

Bi Safu alijifunga kanga kiunoni. Aliamua kujaribu kwa haki, kwa nguvu zake zote, ashindwe kwa haki, yaishe. Alipenyeza vidole chini ya kamba mbili, akakunja magoti, akavuta. Robota lilikuwa zito kwelikweli. Likaacha ardhi. Akaliegemeza kwenye goti, akangoja ule uzi umkate kiunoni.

Haukumkata. Akavuta tena, likafika pajani, na pale mahali pabaya, alipopachunga miaka miwili kama yai, palinyamaza kabisa. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, lakini mgongo ulikuwa umenyooka, mzima, mgongo wake wa zamani. Ulikuwa umepona. Labda mwaka jana, labda zamani zaidi. Yale marobota mepesi ya mume wake yaliupa nafasi ya kupona, na hakuna aliyejua, si yeye wala Fundi Kamba. Msukumo mmoja tu wa goti ulibaki. Alijua namna ya kuusukuma, ameufanya mara maelfu. Furaha ilimpanda kooni, na wenzake wakaiona bila kuielewa, wakaanza kusogea mbele na wao, midomo wazi, wakitaka lipande. Walikuwa wamepoteza kazi wote. Hicho tu walikuwa wanakitaka, kumwona Bi Safu akiliweka pale juu.

Fundi Kamba alikuwa amefumba macho.

Bi Safu alilishikilia pajani kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafungua vidole. Robota likaanguka kwenye vumbi, likadunda mara moja, likatulia.

"Limenishinda," alisema.

*

Mama Shamba alimkemea Fundi Kamba mbele ya watu, akamwambia siku nyingine mtu mwenye shida huja ofisini akaongea kama mtu mzima, akamrudisha kwenye mashine yake. Chumba kikabaki chao. Msimamizi hakumtazama tena Bi Safu usoni. Alikuwa amejisikia vibaya, akampelekea kiti.

Wapakiaji walimzunguka. Hakuna aliyemlaumu, na angeona afadhali wangemlaumu. Walimwambia pole, walimwambia kwa nini hukusema siku zote hizo, ungekaa chini tukupe kazi nyepesi. Yule aliyemkonyeza alimfuta vumbi begani kwa kiganja, polepole, kama anavyofutwa mgonjwa.

Mchana mume wake alikuja mara moja, akachuchumaa mbele ya kiti. "Nisamehe," alisema. "Nilikuona ulivyoumia. Hutanyanyua kitu tena, niachie mimi." Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anasema kwa moyo wake wote. Bi Safu alimtazama mtu huyu aliyekuwa tayari kulala nje kwa ajili ya jina lake, akataka kumwambia, akafungua kinywa. Lakini Fundi Kamba hakujua kuficha furaha. Angeanza kutabasamu kwenye mashine, msimamizi angemuuliza, naye hasemi uongo mara mbili kwa siku.

"Rudi kazini," alimwambia. "Mama anakutazama."

Jioni alikwenda bombani kuchota maji. Palikuwa na foleni ya watu wa vyumbani, wakampisha mbele, jambo ambalo hajawahi kufanyiwa. Ndoo ilijaa. Akainama, akashika mpini, akainyanyua bila shida yoyote, mgongo ukamfuata vizuri kama mlango uliotiwa mafuta. Hakuwa amepiga hata hatua tatu wifi yake akamwahi kwa mbio.

"We, we, lete hapa. Unataka kujiua? Na kiuno hicho?"

"Naiweza, wifi."

"Uliweza nini, tumekuona wote. Acha ubishi, lete."

Wifi alikuwa amepoteza kazi leo. Mikono yake ilikuwa imechubuliwa na kamba, na aliushika mpini ule kwa upendo mtupu. Watu bombani walikuwa wamegeuka wanatazama, na msimamizi alikuwa anapita na baiskeli yake. Bi Safu akaiachia ndoo. Akamfuata wifi yake nyuma, mikono mitupu, na alipokaribia pale alipokuwa msimamizi akaweka kiganja kiunoni, akaanza kutembea taratibu.